Kibuyu chenye Uzi Mwekundu

Miezi mitano Adolphine alikuwa akimrudisha baba yake kutoka kazini kwa njia ya kuzunguka, wapande kilima chote cha Kadutu, ilimradi wasipite mbele ya baa. Papa Barthélemy, fundi wa kushona, alitafuna muwa njia nzima kila koo lilipomwasha kwa hamu ya kanyanga, ile pombe kali. Zamani, angali mlevi, alimshonea karani mmoja koti la abacost lenye mkono mrefu na mkono mfupi. Karani wa watu akatembea mwaka mzima kaegemea upande.

Sasa leo ndiyo leo. Wakwe wametoka Kabare kuleta dote, mahari ya Eulalie, dada mkubwa wa Adolphine, na wamebeba kasiksi, pombe ya ndizi. Desturi haina huruma: baba wa binti na baba wa kijana wanywe pamoja, kila mtu na kibuyu chake na mrija wake. Asiyekunywa amekataa ndoa.

"Papa, usiogope," Adolphine alimnong'oneza. "Mu kibuyu yako nimetia mutobe, maji ya ndizi tu, haijachacha. Nimeifunga uzi mwekundu kwa shingo."

Lakini uzi ule ulimpendeza shangazi Colombe. Kizuri ni cha mgeni, ndivyo alivyolelewa. Akachukua kibuyu kilichopambwa, akapiga magoti, akamkabidhi muzee Lucien, baba wa kijana.

Adolphine akaona, akachelewa kumzuia. Muzee Lucien alikuwa keshaanza kuvuta, mashavu yamebonyea. Papa naye ameinama juu ya mrija. Pua ikacheza. Harufu ile aliijua kuliko jina lake.

"Kunywa, mukwe!" watu wakashangilia.

Papa Barthélemy akaweka kibuyu chini.

"Bakwe zangu," akasema, jasho likimtiririka, "mimi iko mulevi. Nikigusa hii, kesho mutaniokota mu mutaro. Miezi mitano huyu mutoto wangu ananishika mukono. Kama munakasirika, munikasirikie mimi, hapana Eulalie."

Eulalie akauma ncha ya pagne, kitenge alichojifunga.

Muzee Lucien akasimama, akayumba, akashika ukuta, kofia imemwangukia sikioni.

"Weye unasema kweli, mukwe! Kasiksi hii iko nguvu! Nimefika nusu tu, tayari naona Eulalie wawili. Mutoto wangu ataoa yupi?"

Adolphine akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kicheko kikamtokea puani.

"Weye, unacheka nini?" muzee akamuuliza.

"Unisamehe, muzee... Hiyo iko mutobe. Hata mutoto wa kunyonya anaikunywa."

Muzee akachungulia ndani ya kibuyu. Akaonja tena. Ghafla akasimama wima, imara kama askari wa gwaride, na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Shangazi Colombe akaketi sakafuni, hana nguvu.

"Benoît!" muzee akamwita mwanawe bwana harusi, akifuta machozi. "Leta murija ingine!" Akauchomeka kwenye kibuyu chenye uzi, akaketi bega kwa bega na Papa Barthélemy. "Kama maji ya ndizi inanilewesha hivi, kasiksi ya nini? Vuta, mukwe."

Wakavuta, vipara vikigongana. Vigelegele vikapanda hadi kwenye bati.

Adolphine akatoka na kibuyu kile kingine, akakimwaga chini ya mgomba huku akicheka, mpaka akalia kidogo. Ndipo sauti ya baba yake ikamfikia:

"Adolphine! Ongeza mutobe! Muzee ameanza kulewa tena!"