Mdiria, Chura na Fomu ya Kuku

Nikutegee wewe unayesoma: nani huzaliwa na mkia, akikua anauacha, wala haulilii? Ukijibu chura, basi umewapita watu wanne waliokaa kikao asubuhi moja katika ofisi ya bustani ya mji.

Bustani ilitaka kumtunza kiumbe mmoja tu: mdiria, yule ndege wa bluu mwenye mdomo mrefu, au chura wa matete. Akishinda chura, bwawa libaki. Akishinda mdiria, bwawa lifukiwe, pajengwe mnara wa saruji, ndege apate pa kutua. Mama mtunza bwawa, aliyeyalea maji yale miaka kumi na tisa, aliitwa asikilize. Buti zake za mpira aliambiwa aziache nje, zisije zikachafua zulia. Akasimama mlangoni na soksi, kidole kimoja kikichungulia watu.

Balaa lilikuwa fomu. Mwenyekiti, bwana wa kitambi na kalamu tatu mfukoni, hakuona sababu ya kutunga mpya wakati zile za mashindano ya kuku zilibaki rundo zima. Wakajaza. Mabawa: mdiria kumi, chura sifuri. Manyoya: vivyo hivyo. Kwenye mdomo, mjumbe mmoja alitetea kwamba wa chura ni mpana zaidi. Wakavutana robo saa, wakampa nusu. Kwenye kutaga chura alianza kupanda, maana mayai yake ni mamia kwa mkupuo, ila Mwenyekiti akaamua kwamba yai lisilo na ganda halihesabiki.

Mama akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu: huyo mdiria anakula nini?

Katibu, mdogo wa mume wake, akacheka. "Shemeji, fomu haina sehemu ya chakula. Kuku hulishwa na mwenye kuku."

Mwenyekiti akagonga mhuri: mdiria.

Wakatoka wakapige picha na mshindi. Mama akavaa buti, akawafuata. Lori la kifusi lilikuwa limeshasogezwa hadi ukingoni, linanguruma. Mdiria naye alikuwepo, kwenye tete, katulia kama bwana harusi. Mwenyekiti akafunga vifungo vya koti, akatabasamu. Ndege akajitupa majini, chubwi, akaibuka na kitu kinachorusha miguu. Akakipigapiga kwenye tawi mbele ya kamera, akakimeza.

Dereva akachungulia dirishani. "Mkuu, nimwage?"

Mama alikuwa akimtazama Mwenyekiti vile mwalimu anavyomsubiri mtoto wa dawati la nyuma. Mwenyekiti akaangalia bwawa, akaangalia fomu yenye mhuri ambao wino haujakauka, kisha akamwashiria dereva azime gari.

"Chura, mama," akasema. "Anakula chura."