Kitambaa Juu ya Geji

Kitambaa kilikuwa cheupe, na pembeni nilikuwa nimekitia maua madogo ya bluu. Nilikifuma wiki nzima, jioni nikitoka kiwandani. Kiliitosha geji ya gari la mwanangu kama kofia inavyotosha kichwa cha mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyeifunika. Naandika hivyo mwanzo kabisa ili mama atakayesoma asitafute mtu mwingine wa kulaumu.

Mwaka huo wa 2005 Kiilu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na sita. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu Kitengela, mabati manne na mgunga mmoja. Gari lake alilijenga mwenyewe. Aliitoa kompyuta iliyokuja na injini akaweka nyingine, ya kuandikiwa kwa laptopu, na kwenye ekzosi, bomba la moshi, akafunga sensa nene kama kidole gumba, yenye waya uliopenya mpaka kwa dashibodi. Hapo ndipo ile geji ilikaa, duara, ikiwaka nambari nyekundu ambazo hazikutulia hata kidogo.

Mimi nilifika darasa la sita. Kwangu nyekundu ilikuwa ni hatari.

"Hiyo kitu inataka nini na wewe?" nilimwuliza.

Akacheka. "Mathe, hii ndiyo pua yangu. Sensa inanusa moshi, inaniambia kama petroli inatoshana na hewa. Gari ikivuta kwa nguvu, nataka kuona kumi na mbili, yaani hewa kumi na mbili kwa petroli moja. Nikiona kumi na nne na bado nimekanyaga, injini inajichoma."

"Si uko na kompyuta?"

"Kompyuta inafanya vile nimeiandikia. Geji ndiyo inaniambia kama mambo yamebadilika."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma: nilielewa.

Desemba tulienda Kajiado kupeleka ntheo, mbuzi watatu ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa, msichana ni mke wenu hata harusi ikichelewa. Msichana aliitwa Mwelu. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na nilisikia alishamkataa kijana mmoja kwa sababu ya kukimbiza pikipiki. Basi asubuhi, kabla hatujatoka, nikatoa kitambaa kwa mkoba nikaivika geji. Nyumbani kwangu kila kitu chenye heshima kilifunikwa: redio, televisheni, mikono ya viti.

Kiilu akakitazama. "Mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba, "sioni."

"Leo utatazama barabara kama watu wengine. Mzee akiona hizo taa atasema namletea mtu wa mashindano."

Kijana anayepeleka mbuzi wa ntheo habishani na mama yake. "Sawa. Lakini tukirudi unakitoa."

"Tukirudi."

Mbuzi walipokelewa. Mzee alilizunguka gari, akachungulia dirishani, akakiona kitambaa, akasema, "Huyu kijana amelelewa." Mpaka leo sijasifiwa sifa kama hiyo.

Tuliondoka saa kumi, mimi na yeye tu. Kiilu alikuwa akiimba. Nilikiona kitambaa kikitetemeka pale mbele, nikaikumbuka ahadi, nikasema moyoni, acha tufike kwanza, kinapendeza. Tulipopita Isinya kulikuwa na lori la kokoto likijikokota kilimani. Kiilu akatoka upande wa kulia, akakanyaga. Gari likavuta, likavuta, halafu pakawa na mlio kama sufuria iliyoanguka sakafuni, na nguvu zote zikaisha tukiwa sambamba na lori.

Mbele kulikuwa na basi.

Mguu wangu wa kushoto haukunjiki tena. Siku ya kumzika Kiilu, Mwelu alisimama na wanawake wa kwetu, kama mke. Mbuzi walikuwa wameshapokelewa.

Baadaye Ouma, fundi mwenzake, aliifungua injini. Akaniletea pistoni mkononi, imetoboka katikati, kingo zimelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwa maji. Alisema pampu ya petroli ilikuwa imechoka. Injini ilikuwa inakula hewa nyingi na petroli kidogo.

"Mama Kiilu, nisamehe kuuliza. Geji ilikuwa inasoma ngapi? Kiilu hangekosa kuona."

"Sikuona," nikasema.

Ouma akatikisa kichwa. "Basi sensa ilikuwa imekufa. Ilimdanganya."

Nikamwacha aende na neno hilo. Ni miaka minne sasa mafundi wa Kitengela wanasema sensa ya Kiilu ilimdanganya. Haikumdanganya. Ilisema ukweli njia nzima kutoka Kajiado, chini ya maua yangu.

Wewe uliye na mtoto, kama ana kitu kinachokutisha kwa sababu kinasema, kiache kiseme.

Kitambaa walinirudishia pamoja na viatu vyake, ndani ya mfuko wa karatasi. Nyumbani kwangu sasa hakuna kilichofunikwa. Vumbi linakaa linapotaka.