Aliyeingia Mtoni

Kila mtu kijijini, upande ule wa Mwazye, alijua kwamba Mwalimu Leonsi ndiye aliyewatoa watoto watatu mtoni mwaka tisini na nane, mwaka wa mvua kubwa. Mwenyewe pia alijua hivyo. Aliukumbuka ubaridi wa maji kifuani, na jinsi mkono mdogo ulivyomng'ang'ania shingoni. Alikuwa ameyasimulia hayo darasani, misibani na kwenye semina za walimu, na kila alipoyasimulia ubaridi ule ulizidi kidogo.

Kwa hiyo daraja dogo la zege lilipokamilika, na kijiji kikapitisha liitwe Daraja la Mwalimu Leonsi, hakuna aliyeshangaa. Mwalimu alikuwa amestaafu mwaka huohuo, na watu waliona ni heshima iliyokuja kwa wakati wake.

Siku mbili kabla ya sherehe, Justa alifika kutoka Sumbawanga. Alikuwa mmoja wa watoto wale watatu. Siku ya mafuriko alikuwa na miaka minane. Sasa ni muuguzi, anakaa Kizwite hukohuko mjini, ana watoto wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona nikikata utepe?"

Justa alitabasamu kidogo tu. Alikunywa chai mpaka nusu ya kikombe, akangoja Bertilla, mke wa Mwalimu, atoke kwenda uani.

"Mwalimu, nimeombwa niseme maneno machache Jumamosi, na nimeshindwa kuyaandika. Mtu aliyenitoa majini alinuka moshi na maziwa. Alivaa bangili ya shaba, ikanikwaruza hapa." Aligusa chini ya kwapa. "Wewe nilikukuta ukingoni. Ulinifunika koti lako."

"Ulikuwa mtoto, Justa. Tena ulikunywa maji mengi."

"Nami nimejiambia hivyohivyo miaka yote. Sikuja kukuaibisha, Mwalimu. Nataka tu kujua ni nani wa kumshukuru."

Leonsi aliinuka, akasema ana kazi shambani. Justa akaaga kwa adabu, akaenda kulala kwa shangazi yake.

Shambani Leonsi hakugusa jembe. Alikaa kwenye tuta akaanza kuikumbuka siku ile hatua kwa hatua, kama anavyosahihisha hesabu ya mwanafunzi. Ameshuka ukingoni. Amevua koti. Kisha yumo majini. Lakini kati ya kuvua koti na kuwamo majini hapakuwa na kitu. Hakukumbuka kuingia. Na kuogelea, ukweli wa Mungu, hakuwahi kujifunza.

Alimkuta Bertilla uani akipukuchua maharage.

"Mama Rafaeli, siku ile ya mafuriko, nguo zangu ulizifua wewe?"

"Angezifua nani mwingine?"

"Zilikuwaje?"

Bertilla hakusimamisha mikono. "Koti lilikuwa chapachapa. Suruali ililowa mpaka magotini. Juu ya hapo ilikuwa kavu, na huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha kule juu milimani."

Leonsi alivuta kigoda akakaa. "Miaka yote hii ulijua."

"Nilijua habari za suruali."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uniambie wewe. Halafu nikaona kila masika unadamka na kamba yako kwenda kuwavusha watoto wa watu, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Nikasema moyoni, mwenyewe anajua anachofanya. Kumbe ulikuwa hujui."

Hapo ndipo mambo yalipomrudia, na hayakuja kwa upole. Aliyeingia majini alikuwa Shija, Msukuma aliyekuwa akipita na ng'ombe wake kwenda bondeni. Shija ndiye aliyejitosa mara tatu. Leonsi, mwanaume wa miaka thelathini na mitatu, alisimama kwenye tope miguu ikikataa kunyanyuka. Watoto walipokuwa salama Shija alikimbilia ng'ombe waliotawanyika. Watu walipofika walimkuta Mwalimu peke yake, na watoto, na koti. Mama mmoja alimwangukia miguuni akilia. Leonsi hakusema "ni mimi." Alishindwa tu kumwambia yule mama ainuke. Kesho yake watu walimwomba asimulie ilikuwaje, naye akasimulia, maana kukumbuka maji kulikuwa kwepesi kuliko kukumbuka lile tope.

Jumamosi, diwani alipomkaribisha, Leonsi alisema waziwazi: "Si mimi niliyewaokoa watoto wale. Ni mfugaji mmoja, anaitwa Shija. Mimi nilisimama ukingoni."

Watu wakapiga makofi. "Mnauona unyenyekevu wa mwalimu wetu," diwani akasema, na makofi yakazidi.

Leonsi alitamani kukaa. Ukweli ameshausema, kama hawakuusikia, kosa ni lake? Alikuwa ameshashika mgongo wa kiti alipogundua kwamba huo nao ulikuwa uongo, tena mpya kabisa, wa dakika ileile.

"Justa," akaita, "njoo uwaeleze ulichokiona."

Justa akaeleza habari za bangili, maziwa na koti. Makofi yalikatika. Mtu mmoja nyuma akasema, bila kupaza sauti, "Basi alitudanganya." Mwenyekiti wa kijiji akaagiza kibao cha jina kisifunuliwe kwanza. Wiki ile wapo waliompita Leonsi njiani wakijifanya kutazama simu. Wengine walimwamkia kama zamani, na hao ndio waliomuumiza zaidi.

Aliposikia kwamba Shija yu hai na anakaa Ilemba, alipanda gari mpaka Sumbawanga, kisha jingine la kuteremka bonde la Rukwa. Alimkuta mzee wa miaka sabini na kitu, jicho moja limeingia ukungu, anasokota kamba. Leonsi alimwamkia, akamweleza yote, hakuacha hata habari za daraja. Akaomba radhi.

Shija alimsikiliza mpaka mwisho. "Watoto nawakumbuka. Walikuwa wawili."

"Watatu, mzee wangu."

"Haya, watatu. Lakini radhi ya nini? Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nafunga ndama. Nisingeona kitu. Wewe ndiye uliyepiga yowe, ndipo nikageuka."

Leonsi alilitafuta yowe hilo kichwani mwake. Hakuliona.

"Una hakika nilikuwa mimi?"

"Kulikuwa na nani mwingine pale?"

Gari lilipokuwa linapanda kurudi Ufipa, Leonsi alianza kulisikia. Kwanza kwa mbali, kisha sauti yake kabisa, ikipasuka juu ya mngurumo wa maji. Lilikuwa jambo tamu, na lilimtisha. Akafumbua macho, akaanza kuhesabu nguzo za umeme mpaka sauti ikanyamaza.

Bertilla alimpokea mfuko mlangoni. "Amesemaje?"

"Anasema nilipiga yowe, ndipo akawaona watoto. Mimi sikumbuki."

"Basi watu wakikuuliza, waambie hivyohivyo," Bertilla akasema. "Na hilo la kutokumbuka uliseme pia."