Bandeji Ina Ncha Mbili

Sikuwa na plasta. Sikuwa na bandeji, wala pamba, wala spiriti, wala dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, wala kibano cha kung'olea miiba. Mkasi nilikuwa nao zamani, wa marehemu mke wangu Emilia, lakini niliumaliza kwa kukatia bati. Sikuwa na meno ya mbele ya juu. Sikuwa na mtu nyumbani wa kuniambia, "Baba Dorika, vifungo vya shati vimepishana." Na kubwa kuliko yote, sikuwa na hoja ya kumjibu binti yangu.

Mambo yalianza mwezi wa Juni mwaka 1992. Nilikuwa nafyeka chini ya mikorosho yangu pale Lupaso, panga likateleza likanipata chini ya goti. Nikabandika tumbaku, nikafunga kitambaa, nikaendelea kufyeka, kwa sababu mzee wa heshima yangu haendi zahanati kwa mkwaruzo. Baada ya siku chache mkwaruzo ulikuwa umevimba kama papai. Majirani walinipeleka zahanati kwa baiskeli, nimekaa kwenye keria kama gunia la korosho, na mtu mmoja njiani akauliza kama mimi ni daraja la kwanza au la pili.

Dorika ni mwanangu wa pekee, mwalimu huko Newala. Alipopata habari akashuka kuja kuniona. Akalitazama goti, akalitazama jiko langu, akafunua chungu, akakifunika haraka.

"Baba, korosho zikiisha nakuja na pikapu. Unahamia kwetu. Baba Loveness ameshakubali, chumba kipo."

"Na mikorosho yangu?"

"Tutaikodisha."

"Na mama yako?"

Hapo aligeuka kutazama shambani. Mama yake amelala mwisho wa shamba, chini ya mkorosho tulioupanda pamoja mwaka tuliooana. Kila asubuhi mimi hupita pale kumpa habari za kijiji, hata zile ambazo angekuwa hai angezijua kabla yangu. Newala wangenipa kitanda kizuri na chai ya maziwa, nami ningekufa mapema kwa kukosa wa kumsimulia.

"Nipe nafasi," nikasema. "Nitakuthibitishia kwamba najiweza."

"Haya, baba. Thibitisha." Alilitamka neno hilo kama anavyomwambia mwanafunzi anayedai amefanya hesabu ila daftari limebaki nyumbani.

Sasa, mimi si mtu wa kubahatisha. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, kwenye masomo ya jioni, kwa taa ya chemli, nikapata cheti, na tangu hapo karatasi hainipiti. Hata karatasi ya kufungia vitumbua huisoma kwanza, mafuta yakiruhusu. Nilikuwa na kijitabu cha huduma ya kwanza nilichokipata kanisani, na ukurasa wa tatu ulieleza kwamba mtu mwenye busara hutembea na kisanduku kidogo cha dawa kinachoingia mfukoni. Niliposoma "mtu mwenye busara" nikajua wamenitaja.

Nikaenda Masasi. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yale yale ambayo zamani ulipanga foleni ukaambiwa sabuni imekwisha, sasa yalikuwa na sabuni za rangi zote, na wenye maduka walikuwa wanakuita wewe. Duka la dawa la mtu binafsi lilikuwa limefunguliwa karibu na soko. Muuzaji, dada mmoja aitwaye Isabela, alivaa koti jeupe, akanisikiliza nikimsomea orodha yangu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Unafungua zahanati, baba?"

"Ndiyo. Ya mtu mmoja."

"Na mgonjwa?"

"Huyo huyo."

Akacheka, akanifungia kila kitu. Kazi ikawa chombo. Kijana aliyetandaza bidhaa chini aliniuzia kisanduku cha sabuni cha plastiki, cha buluu, chenye kifuniko, kile wanachobeba wanafunzi wa bweni. Kilikuwa sawasawa na mfuko wa kaunda suti yangu. Nilikaa barazani nikapanga na kupangua. Bandeji ikiingia, pamba inatoka. Pamba ikiingia, chupa ya dawa ya zambarau inasimama juu kama mwenyekiti. Mwishowe niliikaza bandeji hadi ikawa ngumu kama kipande cha muhogo mkavu, nikafunga kifuniko kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakitia mfuko wa kifuani, nikaenda kumwonesha jirani yangu Shamte. Hilo lilikuwa kosa.

Shamte ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu wamezikana tangu zamani. Wao wakifiwa, sisi tunachimba kaburi, tunafanya vituko msibani, tunadai ada yetu mpaka wafiwa wacheke. Sisi tukifiwa, wao hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi na Shamte tunajua kwamba mmoja wetu atamzika mwenzake, na kila mmoja anaamini yeye ndiye atakayeshika jembe.

"Haa! Baba Dorika!" akaita kabla sijafika. "Umeota titi? Na mbona moja?"

"Hiki ni kisanduku cha huduma ya kwanza, mjinga wewe."

"Mimi nasubiri kukupa huduma ya mwisho. Usinicheleweshe."

Ndiyo maana, siku nilipopanda pikapu kwenda Newala kuthibitisha, nilikihamishia kisanduku mfuko wa suruali. Nilikuwa nakwenda mbele ya mkwe, na mkwe haonyeshwi titi.

Kisanduku cha sabuni, kama anavyojua kila mwanafunzi wa bweni na kama nisivyojua mimi mwenye cheti, kina matundu chini ya kutolea maji. Pikapu ilipokuwa inapanda mlima, ikitutupa juu ya magunia, chupa yangu ikapasuka kifuniko. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanitazama mapajani, akashika mdomo.

"Mzee, unavuja!"

Suruali yangu ya rangi ya maziwa ilikuwa zambarau kuanzia mfukoni hadi mahali ambapo mzee hapendi atazamwe.

"Ni dawa tu," nikasema.

"Ndiyo, baba, ni dawa. Tulia, usiseme sana." Kisha akagonga paa la gari. "Dereva! Kuna mgonjwa huku nyuma!"

Nilisihi hadi tukafika. Abiria wawili walinishika makwapa kunishusha, wakanifikisha mpaka mlangoni kwa binti yangu, wakampa pole. Mkwe wangu Yoeli, kijana mwenye adabu, aliniona, akainua macho haraka.

"Shikamoo, baba," akaliambia bati.

"Marahaba, mwanangu."

Akachukua ndoo mbili, akasema anakwenda kutafuta maji. Newala maji yako mbali, na kwenda kuyatafuta ni udhuru mzuri kuliko yote. Hakuna anayeuliza mbona umechelewa.

Dorika alinifungia kitenge chake, tukakaa uani. Akafungua kisanduku, akatoa kitu kimoja kimoja, akapanga juu ya kigoda. Plasta. Pamba. Kibano. Chupa, au tuseme kumbukumbu ya chupa.

"Vizuri, baba. Vizuri sana."

Nikavimba. Nikaanza kumweleza ukurasa wa tatu. Akanikatiza kwa kunishika mkono wa kulia, akachomoa kalamu nyekundu ya kusahihishia, akachora mstari kutoka kiwiko kuja kifundoni.

"Panga limepita hapa. Uko shambani peke yako. Funga."

Nikachukua bandeji kwa mkono wa kushoto. Kwa vile nilikuwa nimeikaza mno, ilifyatuka, ikaanguka, ikakimbia chini ya kigoda, kuku akaifukuza. Loveness, mjukuu wangu, akaileta. Nikang'ata ncha moja ili niizungushe nyingine. Ila kung'ata kunataka meno ya juu na ya chini, na yangu hayajakutana kwa muda mrefu. Ikatoka. Mara ya tatu nikapata akili: nikaibana ncha kati ya mkono wangu na mkono wa kiti, nikazungusha upesi, nikazungusha tena, nikapiga fundo la kuaminika.

"Tayari!"

"Simama, baba."

Nikasimama. Kiti nacho kikasimama.

Loveness alicheka hadi akakaa chini. Mimi nami ningecheka, lakini nilimwona Dorika. Hakuwa anacheka. Alileta wembe, akaikata bandeji polepole, akiushika mkono wangu kama mtu anayeshika yai.

"Kisanduku chako ni kizuri," akasema. "Sina la kusahihisha. Ila bandeji ina ncha mbili, baba. Ya pili atashika nani? Nipe jina la mtu, mtu anayeweza kukufikia kabla damu haijaisha, nami sitakugusa, utabaki Lupaso na mama. Jina la mtu. Usiniletee kopo lingine."

"Nikupe sasa hivi?"

"Niandikie. Kabla korosho hazijaisha."

Nilirudi nimevaa suruali ya Yoeli, na yeye hajawahi kuiulizia.

Nikaanza kutafuta jina. Anjelina, anayenipikia siku za sikukuu, anakaa mbali na masikio yake yamechoka. Katekista ana baiskeli, lakini hupatikana Jumapili, na panga halisubiri Jumapili. Kila nilipoyapitia majina, nilirudi kwenye nyumba moja tu ambayo moshi wake nauona na kikohozi chake nakisikia. Nikaruka hiyo, nikaanza upya. Korosho zikaanza kuanguka, wanunuzi binafsi wakaanza kupita na mizani zao, nami bado naruka nyumba ile ile.

Siku moja nikaona magunia yangu yamejaa kuliko nilivyotaka, msimu unakaribia kwisha. Nikavuka mpaka wa shamba. Shamte alikuwa amekaa chini akinyonga mabibo, yaani kutenga korosho na tunda lake, korosho huku, bibo kule. Nikakaa upande wa pili wa rundo, nikaanza kunyonga pia.

"Shamte, nina shida."

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi shida haijanihusu."

Nikamweleza yote. Nilimweleza hata habari ya kiti, nikijua nitaisikia mpaka kaburini na hata baada ya hapo. Ajabu, hakucheka. Alinyonga bibo moja, akalitupa upande wa korosho.

"Subiri nielewe," akasema. "Unanitaka mimi, mzishi wako halali, nikuzuie kufa?"

"Ushike ncha ya bandeji tu."

"Na ada yangu? Jogoo wangu wa msibani?"

"Utampata. Atachelewa kidogo."

"Babu zangu watanicheka."

"Wangu wameshaanza."

Akalibana bibo jingine kwa vidole vya mguu, akalinyonga. Ndipo nilipoona kwamba kazi yote alikuwa akiifanya kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameuficha ndani ya msuli aliojifunga kiunoni.

"Toa mkono huo."

"Mkono gani?"

"Toa, Shamte."

Akautoa. Alikuwa amekaanga korosho, mafuta ya ganda yakamrukia, na kiganja kilikuwa kimebabuka, cheusi, chenye malengelenge. Mkewe Bimdogo alikuwa kwa binti yao, huko Mnyambe, tangu mwezi uliopita.

"Umepaka nini?"

"Majivu."

"Mjinga."

"Mwenye goti la papai huyo!"

Nikaenda kuchukua kisanduku. Nilikiosha kiganja kwa maji na sabuni, kama kijitabu kilivyosema, na Shamte akaniporomoshea matusi ya ukoo wangu kuanzia babu wa tatu. Nikaweka pamba, nikazungusha bandeji iliyosalia na wembe wa Dorika. Ilizunguka vizuri. Kumbe ukiwa na mikono miwili na mgonjwa ni mtu mwingine, kazi yenyewe si kubwa.

"Imekaza?" nikauliza.

"Inatosha." Aliutazama mkono wake mweupe, akaugeuza. "Sikiliza, Daktari. Mimi siwezi kuja kukuuliza kila siku umeamkaje. Watu watasema tumepatana. Nitafanya hivi: kila asubuhi nitasimama pale mpakani nikutukane. Wewe unijibu. Siku usiponijibu, nitajua una jambo, nitakuja."

"Na mimi nikitangulia kukutukana?"

"Basi nikijibu, mimi ni mzima. Nisipojibu, njoo na kopo lako."

Tukakubaliana. Kisha nikaenda nyumbani kuandika barua, nikaiandika kama nilivyofundishwa: anuani, tarehe, yah, kwa kuzingatia mazungumzo yetu ya awali, kurasa mbili kamili. Nikamsomea Shamte. Alisinzia katikati ya ukurasa wa kwanza. Nikachana, nikaandika nyingine:

"Mwanangu Dorika, salamu. Umeniomba jina la mtu. Ni Shamte. Tutatukanana kila asubuhi, atakayekaa kimya atafuatwa. Leo nimemfunga mkono, ameridhika, ingawa hatakubali. Mama yako hajambo. Naomba unijibu. Ni mimi baba yako, Alfredi."

"Ongeza kwamba nitakuzika vizuri," Shamte akasema.

"Hiyo anaijua."

"Ongeza tu. Mtoto apate amani."

Nikaongeza. Nilikwangua utomvu kwenye shina la mkorosho lililo karibu, nikaubandika kwenye ulimi wa bahasha, nikaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Tukatembea pamoja hadi barabarani, kila mtu akimwambia mwenzake ajitahidi kukaza mwendo. Pikapu ya Newala ilipopunguza mwendo, nikamwinulia utingo barua ile. Akaisoma anuani, akaitia ndani ya kofia yake, akaivaa, akagonga bati. Wakaondoka.