Ukurasa wa Tisa Hauna Mama

Dereva wa kiwanda cha uchapaji alisema angekuja saa nne kuchukua michoro. Ahadi za watu wa uchapaji sizipendi: hutimia siku ile tu ambayo mimi siko tayari. Saa tatu na robo nilikuwa bado nafuta madoa ya wino, simu iko mezani mbele yangu. Dada yangu aliingizwa chumba cha upasuaji alfajiri. Shemeji aliahidi kunipigia simu dada akitoka, na hakuwa amepiga.

Binti yao wa miaka mitano alikuwa sakafuni, akikagua kitabu changu cha pili cha mtoto wa nungunungu, safari hii kapotea msituni. Sina mhariri mkali kama huyo. Katika kitabu cha kwanza nilimficha mama nungunungu kila ukurasa, ncha za miiba tu kwenye majani, na watoto walimtafuta kwa kidole kabla hata ya kusomewa neno.

Kidole kilifika ukurasa wa tisa, kikazunguka, kikasimama.

"Mama mdogo, mama yake hayupo."

"Hebu tazama vizuri."

"Nimetazama. Hayupo."

Niliinama. Kweli hakuwepo. Wala ukurasa wa kumi, wala wa kumi na moja. Kurasa hizo nilizichora wiki hii, mguu mmoja wodini, mwingine mezani, na nilimsahau kabisa. Nilinyakua penseli, nikaanza kuchomeka miiba nyuma ya kisiki.

"Usimfiche," alisema. "Mchore mzima."

Nikamchora mzima: pua, miguu, macho. Simu ikalia.

"Ametoka," shemeji alisema, sauti imemkauka. "Hajaamka, lakini wanasema yuko salama."

Nilishukuru, nikakata, nikalia bila aibu.

"Mama yako yuko salama," nikamwambia mtoto.

"Umemwona?"

"Baba kasema."

"Baba kamwona?"

Sikujua. Nilikuwa nimelidaka hilo neno "salama" nikakata simu haraka, nisije nikasikia jingine. Nikainama kutafuta funguo; tungekwenda hospitali tukamwone wenyewe. Dereva angetukosa, shauri yake. Nilipoinua kichwa mtoto alikuwa tayari mlangoni, viatu kavaa kinyume, anangoja nimfungulie.