Misonobari ya Barabara ya Watalii

Miche mia sita na arobaini ya misonobari tuliyopanda kando ya barabara ya watalii ilikauka yote. Mimi, Tak Gil-man, mlinzi wa msitu wa kijiji, ndiye niliyetia sahihi kwenye ripoti kwamba ipo hai. Watalii walikuwa wanakuja baada ya siku kumi na nane.

Sababu ya kufa haikuwa siri. Tuliipanda mwezi wa tatu, udongo wa chini ukiwa bado barafu, kwa kuwa siku ya kupanda miti haiahirishwi. Kisha mvua ikakataa. Mto nao ulishachotwa mchanga na malori ya kujengea mahoteli ya ufukweni, maji yakazama. Nyumba thelathini na mbili, kila nyumba miche ishirini, kila mche na kibao chenye jina la mwenye nyumba. Wanawake walibeba ndoo mpaka mabega yakachubuka, na ikakauka vilevile.

Niliandika uongo kwa sababu mlinzi aliyenitangulia aliandika kweli. Alipakiwa lorini na familia yake, wakapelekwa migodini kaskazini. Mimi nikapewa kazi yake na koti lake.

Ndugu Hyon wa ofisi ya barabara alikuja kukagua. Aling'oa mche mmoja kwa vidole viwili.

"Ndugu Tak, huu ni mti au kijiti cha kuchokolea meno?"

"Ukame, Ndugu Mkuu."

"Ripoti yako haina ukame. Inasema asilimia tisini na nane hai." Akaurudisha mche shimoni taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. "Mimi sikwambii ufanye nini. Tarehe kumi na mbili mgeni akichungulia dirisha la basi aone kijani. Asipokiona, una mama, una mke, una binti. Lori lina nafasi."

Kijani kilikuwa kimebaki mahali pamoja tu, Mlima wa Nyuma. Milima mingine yote tulishainyoa kwa kuni na kulima mahindi mpaka kileleni. Ule ulipona kwa sababu ya makaburi. Hakuna aliyethubutu kukata msonobari unaomfunika marehemu wa jirani yake. Chini yake, palipo na mteremko mkali, zilijipanga nyumba sita. Ya kwanza ilikuwa ya mama yangu.

Tulikutana kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Jin-u.

"Tukate kule, tuchomeke huku," nikasema. "Watapita siku moja tu."

"Bila mizizi?" akauliza.

"Mizizi haionekani kutoka kwenye basi."

"Tuwafunge watalii vitambaa vya macho," akasema mzee Om, fundi viatu. "Rahisi zaidi."

Watu wakacheka. Halafu Mama Jin-u akaacha kucheka. "Nani hapa jina lake haliko kwenye kibao?" Kila mmoja akaenda kunoa shoka.

Mama nilimkuta kaburini kwa baba, amekalia jiwe, mundu mapajani.

"Gil-man, kichwa chako ni boga la mwaka jana. Kimebaki ganda."

"Mama, ni lori. Watamchukua na Hae-yon."

Aliposikia jina la mjukuu alifuta mundu kwa sketi. "Ukimnyolea baba yako mlima, mvua ya kwanza atashuka kuniomba chakula."

"Basi njoo ukae kwetu mpaka mvua ziishe."

"Na mitungi yangu ya kabichi ya kuchachusha? Imezikwa saba. Utaibeba wewe?"

Ningeweza kuibeba. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nikamwambia nikimaliza kukata nitakuja.

Tulikata siku tano. Nikaacha minne tu, iliyozunguka kaburi la baba. Sisi kwetu tulikuwa na miche iliyokufa ishirini, lakini makaburi yetu yalikuwa na miti mingi, nikawagawia wasio nayo. Wakanishukuru. Tulichomeka mashina barabarani, tukashindilia mawe, tukafunga kamba za majani ya mpunga, tukayamwagia maji kana kwamba yatayanywa. Vibao tukavirudisha vilevile.

Ndugu Hyon alikuja, akashika msonobari mmoja, akautikisa. Ulicheza. Akanitazama, akauachia.

"Umeshika vizuri," akasema, akaandika.

Basi lilipita saa nne asubuhi. Tulisimama na nguo safi, tukapunga mikono. Halikupunguza mwendo. Mke wangu Sun-nyo alisema aliona mwanamke mmoja tu aliyeamka, naye alikuwa anatazama upande wa bahari.

Mvua ilianza siku ya sita baada ya hapo, ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Siku ya pili mchana nikavaa koti niende nikamlete mama, kwa mitungi au bila mitungi. Nilikuwa nimefika kwenye daraja dogo niliposikia mlima. Haukunguruma. Ulitoa sauti kama mtu anayevuta blanketi zito kitandani. Nilipotazama, nyumba sita hazikuwepo, palikuwa na tope limesimama juu kuliko mapaa.

Nilichimba kwa mikono, kisha kwa kibao, kisha kwa sufuria ya mtu. Sun-nyo alikuwa upande mmoja, Mama Jin-u upande mwingine, anaita dada yake. Mama tulimpata siku ya tatu. Alikuwa mlangoni, na viatu miguuni.

Kaburi la baba nalo lilishuka. Misonobari ile minne ilishuka pamoja nalo, imesimama wima kwenye tope, mizizi yote, mibichi.

Ndugu Hyon alifika siku ya nne. Alivua kofia, akasimama kwa muda unaotosha. Kisha akatazama barabarani, ambako miti yetu ilishageuka rangi ya kutu.

"Basi jingine linakuja mwezi ujao," akasema. Akaonyesha ile minne. "Hii ina mizizi. Ihamishieni pale kwenye kona."

Nikaihamisha. Mimi mwenyewe, na majembe ya kuazima. Lori halikuja.

Ripoti iliyofuata inasema mvua ilikuwa kubwa mno, na hilo ni kweli. Haya hayamo ndani yake, kwa hiyo nayahesabu mimi. Nyumba sita. Watu kumi na mmoja, watatu wao watoto, na mmoja mama yangu. Makaburi arobaini na mawili. Mlima mmoja. Misonobari mia sita na arobaini iliyokatwa, na minne iliyohamishwa, ambayo miwili imekufa. Mitungi saba ya kabichi, ambayo tuliikuta mizima ardhini, haina hata ufa.

Basi moja. Viti ishirini na vinne, na tisa vilikuwa vitupu.