Mzee Aliyeondoka Kwenda Kwenye Nyama

Basi asubuhi hiyo Mzee Metui amekaa kwenye kigoda chake pale kijijini Endulen, tumbo limejaa nyama ya jana, anangoja wazee wakutane. Kesi yenyewe ndogo tu ukiisikia: mtamba wa Nareyu, yule mjane, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, kaonekana kwenye boma la Sakaya, na Sakaya anadai ni wake. Na Sakaya ni rika lake Metui, wametahiriwa pamoja, na jana alimchinjia kondoo. "Rika, kesho wewe kaa kimya tu," alimwambia. Metui akala mbavu.

Shida ni sikio. Ile alama kwenye sikio la mtamba aliikata Metui mwenyewe, kwa kisu chake, siku zile mume wa Nareyu anaumwa hawezi kusimama.

Mjukuu wake wa kike Nashipai, yuko chuo huyo, ambaye kwa utani humwita "mke wangu", alikuwa anamsomea kitabu cha Wayunani wa kale waliokutana nyumbani kwa mzee mmoja, wanabishana haki ni nini.

"Huyu anasema haki ni kile kinachomfaa mwenye nguvu."

"Fisi huyo! Kwa hiyo chui akila mbuzi wangu, ni haki?"

"Ndivyo anavyosema, babu."

Metui akataka kutema mate, akayameza. Mate kwao ni baraka, na yule hakuwa wa kubarikiwa.

"Na yule mzee mwenye nyumba? Mbona kanyamaza?"

"Kaondoka zamani. Walivyoanza kumbana kwa maswali akacheka, akamwachia mwanawe maneno, akaenda kwenye sadaka ya kuchinja."

"Kwenye nyama!"

"Haya, kwenye nyama."

"Anarudi lini?"

Nashipai akafunua, akafunua. "Harudi."

"Kitabu chote hicho?"

"Chote."

"Mzee gani huyo! Mke wangu, ningekuwa mimi..." Mafuta ya kondoo yalimpanda kooni, machungu, yananuka kama ngozi mbichi iliyolowa. Akaona kinyaa na mdomo wake mwenyewe.

Kwenye kikao Sakaya akamsogezea nafasi, anatabasamu. Metui hakukaa. Akashika rungu la kusemea.

"Wazee, mimi jana nilikula kondoo wa Sakaya, kwa hiyo kwenye kuamua msinihesabu. Lakini sikio la huyu mtamba nililikata mimi. Ni wa Nareyu."

"Rika!" Sakaya akaruka. "Nyama yangu iko tumboni mwako!"

"Iko. Na tangu asubuhi inanitia kichefuchefu."

Wazee wakacheka, wengine wakaguna. Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, nenda kapumzike." Akakataa. Akakaa palepale mpaka mtamba akafunguliwa, Nareyu akaondoka naye.